Tulipopanga Safari ya Mji wa Ngazi

Wasomaji wangu, lawama zenu zimenifika. Wengi mmeniuliza: mwanamke mzima, umepoteza vidole viwili na mume ndani ya mwezi mmoja, kwa nini ukakimbilia kwa baba yako? Huna rafiki? Huna pa kupanga chumba?

Nilirudi kwa sababu sikuwa na pengine. Hilo ni jibu la kumpa jirani. Jibu jingine nitalitoa leo, na nikishalitoa, hata nyinyi mnaonihurumia sijui kama mtabaki upande wangu.

Kwa aliyekosa habari: nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha uchapaji. Mashine ya kukatia karatasi ikanipitia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kabla bandeji haijatoka, mume wangu akahamia kwa mwanamke mwingine na kuniachia ujumbe wa mistari miwili kwenye simu. Nikafunga begi moja, nikaenda kwa Baba.

Baba ni fundi saa. Miaka arobaini ameinamia saa za watu, lenzi imebanwa jichoni. Sasa macho yamemgeuka. Daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba kabla mwaka haujaisha atakuwa anatofautisha mwanga na giza tu. Zile saa za ukutani zilizojaa sebuleni huzijua kwa mlio. Ikichelewa moja, huuliza, "Nani ameigusa ile ya dirishani?"

Basi Jumamosi asubuhi akaingia mdogo wangu na ramani.

Tunamwita Chiriku tangu utotoni, maana mdomo wake haujui kupumzika. Anafundisha chekechea, kwa hiyo hata watu wazima huwapangia mambo kama anawapanga foleni ya kunawa mikono.

"Siku nne tu," alisema, akisukuma pembeni vibano na bisibisi za Baba ili atandaze ramani juu ya meza ya kazi. "Alhamisi mpaka Jumapili. Gari nimeshakodi, naendesha mwenyewe. Tunafuata barabara ya pwani, ile inayopita juu ya majabali. Baba, nataka uone bahari na miji ya kale wakati bado unaona."

"Nani amekwambia nataka kuona bahari?" Baba akauliza, lakini alikuwa anatabasamu.

"Siku ya kwanza, mji wa ngome. Tunapanda ukutani, unaona ghuba nzima. Siku ya pili, mji wa mnara wa taa, na njiani tunasimama kwenye yale majabali meupe. Siku ya tatu na ya nne..."

Akanyamaza. Chiriku akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Siku ya tatu na ya nne wapi?"

"Mji wa ngazi."

Tabasamu la Baba likaondoka.

"Huko hapana."

Niwaeleze. Mji wa ngazi umekaa juu ya mwamba, na kutoka mtaa wa juu zinashuka ngazi za mawe mia moja arobaini hadi majini. Tulikwenda huko kutembea nikiwa na miaka tisa, Chiriku ana miwili. Tulikwenda wanne, tukarudi watatu. Mama aliingia baharini asubuhi na mapema, akazama, mwili haukuonekana. Ndivyo ilivyoandikwa kituo cha polisi.

Aliyeshuhudia alikuwa mtu mmoja tu. Mimi.

"Baba, nisikilize," Chiriku alisema, na sauti ya ualimu ikamtoka. "Nyinyi mliishi naye. Mimi sijui hata sauti yake ilikuwaje. Nina ile picha moja, amekaa kizingitini kwenye ile nyumba ya wageni. Nataka nilale nyumba ile ile. Nitupe maua majini, nimwambie kwaheri. Ni kosa?"

"Si kosa, mwanangu. Lakini macho yangu hayaziwezi ngazi zile."

"Tutakushika mkono."

"Nimesema hapana."

Chiriku akakunja ramani, lakini mimi namjua. Aliponiaga mlangoni akaninong'oneza, "Dada, wewe uko nyumbani huna kazi. Ile nyumba bado ipo, namba yake hii hapa. Wapigie, uliza kama wana vyumba. Baba tutamlainisha."

Sikupiga. Jumatatu alipokuja kuuliza, nikamwambia wamejaa.

"Wamejaa? Msimu huu? Nani yuko huko na mvua hizi?"

"Labda wana semina."

"Semina ya nini, ya mwamvuli?"

Akatoa simu yake, akapiga palepale, akaweka spika. Baba alikuwa mezani pake, anapapasa gurudumu la saa ambayo hatamaliza kuitengeneza.

Sauti ya meneja, mwanamke mchangamfu, ikajaa sebuleni. "Karibuni sana, dada yangu! Vyumba vyote vitupu. Ila naomba radhi mapema kwa makelele. Tunajenga vyumba vipya huko nyuma, kwenye bustani ya zamani. Mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu ijayo."

Chiriku akanigeukia. "Hukupiga, Dada. Umenidanganya mchana kweupe."

Lakini kabla hajaendelea kunisomea, Baba aliinua kichwa.

"Muulize wanachimba upande gani."

"Upande gani nini, Baba?"

"Wewe muulize."

Meneja alikuwa amesikia. "Pale kwenye ukuta wa mawe, mzee wangu. Kumbe unapafahamu?"

Baba aliweka kibano chake mezani, na kibano kikagonga mbao mara tatu, nne, kabla hakijatulia. Mkono ule nimeutazama tangu nina akili. Umeshika vyuma vyembamba kuliko unywele, na sikuwahi kuuona ukitetemeka.

"Tutakwenda," akasema. "Tena tuanze na huko. Hiyo miji mingine itafuata."

Chiriku alipiga kelele kama mmoja wa watoto wake wa chekechea. Alimkumbatia Baba shingoni, akambusu kipara, akasahau kabisa uongo wangu. Jioni ile alipanga safari upya: Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi kuondoka, saa tano kusimama kunyoosha miguu, saa nane mji wa ngazi. Ijumaa maua. Jumamosi mnara wa taa, Jumapili ngome na kurudi. Akaandika yote kwa kalamu za rangi.

Mimi nilikuwa naosha vikombe kwa mkono mmoja.

Jumanne mchana nikamsikia Baba chumbani kwake anaongea na simu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikasimama.

"Waambie mafundi wasiguse mpaka nifike," alikuwa anasema. "Chini ya ule ukuta limepita bomba kuu la majitaka. Wakilipasua, utafunga biashara... Ndiyo, mimi ni fundi... Alhamisi. Nitakuja kuwaonyesha mwenyewe."

Akakata. Halafu, bila kugeuka, "Ingia, kwa nini unapumulia koridoni?"

Nikaingia. "Baba, bomba la nyumba ya watu umelijuaje?"

"Mtu akikaa mahali, huona."

"Tulikaa siku mbili."

"Umeanza kusikiliza milangoni siku hizi?" Alisema polepole, wala hakukasirika. "Mimi nilidhani nimelea mtu anayejua kunyamaza."

Nikarudi jikoni. Nilikaa kwenye kiti, nikajiambia mzee anazeeka, macho yakiharibika na akili huyumba. Nilijiambia hivyo kama mara kumi. Mtu akitaka kujidanganya, hakosi msaada.

Jumatano, siku moja kabla ya kuondoka, Chiriku alimpeleka Baba kliniki ya macho akatiwe dawa ya mwisho kabla ya safari. Niliachiwa kazi ya kufunga mizigo. Shati tatu, sweta, viatu vya kamba, matone ya macho. Nikatafuta begi lake la safari kabati la koridoni, sikuliona. Nikatazama chini ya kitanda. Hakuna.

Kuna kabati moja sikuwahi kulifungua maishani mwangu, lile la zana, lililo nyuma ya meza ya kazi. Tangu tukiwa watoto lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Baba. Siku hizi, kwa kuwa haoni tundu, huuacha ufunguo humo humo.

Nikaugeuza.

Begi lilikuwepo, rafu ya chini. Lakini nyuma yake, nyuma ya maboksi ya saa mbovu, kulikuwa na kitu kimefungwa shuka. Nikakivuta. Sanduku dogo la kahawia, lina pembe za shaba.

Nilikaa nalo chini sakafuni.

Wasomaji wangu, sanduku lile mara ya mwisho nililiona mkononi mwa mama yangu, asubuhi ile ambayo watu wote wanajua alizama.

Hakuzama. Sasa nimesema.

Asubuhi ile niliamshwa na mlio wa kitasa. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amevaa vizuri, viatu vyeupe vya kamba, sanduku mkononi. Hakushuka ngazi kwenda baharini. Alipanda mtaa wa juu, kuelekea stendi ya mabasi. Alitembea haraka na hakugeuka nyuma.

Baba alipoamka akakuta kitanda kitupu, aliniuliza umemwona? Nikamwambia nilichokiona. Alikaa muda mrefu ukingoni mwa kitanda. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akavua saa yake, akanivalisha. Ilikuwa kubwa, ikateleza mpaka kiwikoni.

"Wakikuuliza," akasema, "sema umemwona anaingia majini. Sema aliingia, hakutoka. Unanisikia? Watu wasije wakatucheka."

Mwenye nyumba wa wakati ule alinishika mkono akanipeleka kituoni. Baba alibaki na Chiriku, aliyekuwa na homa tangu usiku. Askari alinipa kiti kirefu, miguu ikaning'inia. Aliuliza, nikajibu. Aliingia, hakutoka. Akaandika. Alinisifu kwamba mimi ni mtoto shujaa.

Mtasema nilikuwa mtoto. Kweli. Lakini nilifika miaka kumi na tano, ishirini, thelathini, bado nikanyamaza. Nilimwona Chiriku analala na ile picha chini ya mto, nikanyamaza. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu nilimkasirikia mama. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Kuwa na mama aliyekufa kulinipa heshima shuleni, walimu walinishika kichwa. Kuwa na mama aliyenikimbia kungenipa nini?

Kwa hiyo nilimuua kwa mdomo wangu, na miaka yote hii nikijifariji kwamba yuko mahali fulani, mzima, anakula na kulala, na wala hatukumbuki.

Sasa nilikuwa na sanduku lake mapajani. Nikalifungua kwa mkono mzima. Magauni mawili. Kitana. Kigauni cha mtoto wa miaka miwili. Na chini kabisa, vimefungwa gazeti, viatu vyeupe vya kamba.

Alivivaa akaenda zake. Vimerudije?

Nikasikia gari nje.

Chiriku aliingia anamwongoza Baba, anaongea kama kawaida. Dawa ilikuwa imemchoma Baba machoni. Alikwenda moja kwa moja chumbani kulala na kitambaa cha baridi usoni. Nilimngoja Chiriku jikoni. Sanduku nililiweka mezani, nimelifunga.

"Begi gani hilo la kizamani? Hilo halitoshi hata soksi za—"

"Kaa, mdogo wangu."

"Dada, una nini? Mkono unauma?"

"Kaa."

Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyowaambia nyinyi: dirisha, viatu, mtaa wa juu, saa ya Baba, askari. Sikujitetea. Nilipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Chiriku hakuwa na neno.

Kisha akasema, "Nikiona bahari kwenye televisheni huwa nazima. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Kuogelea sikujifunza. Watoto wa shule wakienda ufukweni nasingizia kuumwa. Unalijua na hilo?"

"Najua, Chiriku."

"Usiniite hivyo."

Akasimama, akaenda kwenye sinki, akarudi. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Lakini uso wake ulikuwa unabadilika mbele yangu, na kilichokuja si hasira. Macho yalimeremeta.

"Kwa hiyo yuko hai," alisema. "Dada! Mama yuko hai! Ana miaka sitini na ngapi sasa? Sitini na tatu! Mtu wa sitini na tatu si mzee. Tutampata. Tutauliza pale stendi, tutaweka picha mtandaoni..." Alinishika mabega. "Ulifanya vibaya sana, nitakuchukia baadaye. Sasa hivi niambie alipanda basi la wapi."

Ningetoa vidole vyangu vinane vilivyobaki nisifanye nilichofanya. Nilifungua sanduku. Nikatoa viatu, nikaviweka mezani mbele yake.

"Hivi ndivyo alivyoondoka navyo," nikasema. "Nimevikuta leo kwenye kabati la Baba."

Alivitazama. Akavigusa kwa ncha ya kidole. Nikaona ile furaha inamtoka usoni kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka.

"Labda alivituma," akanong'ona. "Labda alituma mizigo."

"Alirudi."

Si mimi niliyesema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, kitambaa bado kinadondosha maji. Macho yalikuwa mekundu, yametanuka kwa dawa, yanatazama mahali ambapo hakuna mtu.

"Alirudi mchana," akasema. "Hakufika mbali. Basi lilisimama mji wa pili, akashuka, akapanda la kurudi. Alimfuata mtoto. Alisema hawezi kumwacha mtoto ana homa."

Chiriku aliweka mkono mdomoni.

"Saa ngapi, Baba?" Nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza saa. Labda kwa sababu ni fundi saa.

"Saa sita na dakika kumi. Wewe ulikuwa bado kituoni unamwambia askari amezama. Yeye alikuwa amekaa kitandani chumba namba nne, anavua viatu. Anataka nimpe mtoto, aondoke naye."

"Kisha?" Chiriku akasema.

Baba alipapasa hewani mpaka akapata mgongo wa kiti. Hakukaa.

"Kisha nini, Baba?"

"Kesho nitawaonyesha."

"Kesho siendi popote na wewe!" Sauti ya Chiriku ilipasuka. "Naenda polisi. Sasa hivi!"

"Nenda," Baba akasema kwa upole, kama anavyomwambia mteja saa yake haitengenezeki. "Watafungua faili. Watakuta mke wangu alizama asubuhi. Watakuta na shahidi aliyemwona. Watamtafuta shahidi, na unajua anakaa wapi."

Chiriku akanyakua funguo za gari mezani. Viatu vyeupe vikaanguka sakafuni, kimoja hapa, kimoja kule.

"Wakichimba wao Jumatatu, watapata wasichokielewa," Baba aliendelea. "Tukitangulia sisi, itabaki kuwa ya kwetu. Kama hutaki kuendesha, tutapanda basi. Dada yako atanisindikiza." Akageuza uso kuelekea mahali niliposimama, na kwa macho yale yasiyoona alinipata bila kukosea. "Yeye ananisaidia tangu zamani."

Akaninyooshea mkono nimwongoze kurudi chumbani.

Chiriku alikuwa tayari kwenye mlango wa nje, funguo kiganjani. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alisimama pale, ananitazama, anangoja aone nitafanya nini.

Mkono wa Baba ulikuwa umenyooka, umetulia kabisa, hautetemeki.

Nikaushika.